Mashine Iliyofunikwa Blanketi

Kinyala, Tukuyu
3 Mei 1993

Baba Tusekile mpendwa,

Mgongo wako unaendeleaje? Sisi ni wazima, mvua tu ndiyo haitaki kutuacha.

Nina habari kubwa! Jana baba mkwe alisimama uani akawaambia kuku, maana mkwe hasemeshwi, mimi nikiwa jikoni nasikia: “Kuku, namuuza yule ng'ombe dume. Nanunua mashine ya boti kwa Medard, mwenye duka la vipuri Makandana. Ndizi zetu zitavuka ziwa kutoka Matema kwenda vijiji visivyo na barabara. Na mwenye kuiendesha atarudi nyumbani.”

Kuku waliendelea kudonoa, ila mimi niliacha ndizi zikaungua. Mwenye kuiendesha ni wewe! Lakini dume ni huyo mmoja. Wewe unabeba mashine za wavuvi kila siku, tuangalie nini? Baba mkwe alimalizia: “Kuku, mwandikieni.”

Mkeo,
Mama Tusekile


Mwanza
19 Mei 1993

Mama Tusekile,

Nimeamka salama, na barua yako imeunyoosha mgongo. Niliisoma huku nimeketi juu ya magunia ya dagaa, nikacheka mpaka wenzangu wakauliza nimelewa nini.

Darasa la nne ndilo linaloandika hapa, kwa hiyo soma polepole. Msimpe Medard habari kwamba mnakwenda. Kabla haijawashwa, mguse kichwa cha mashine. Kikiwa na joto, imewashwa kabla hamjafika, maana ikiwa baridi inamkatalia kuwaka. Mfungue skrubu ya chini, karibu na propela, oili itoke kidogo. Ikiwa nyeusi, si neno. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye gia, kimbieni! Asiiwashe nchi kavu, itaungua. Aiweke kwenye pipa la maji, na lazima irushe maji pembeni kama mtoto anayekojoa. Isiporusha, haijipoozi.

Veronika, nimechoka huku. Kwa hamu ya kurudi, naweza kuona gogo nikaliita mashine. Kwa hiyo usinihurumie. Ikiwa mbovu, sema mbovu, hata kama nitabaki.

Mumeo,
Baba Tusekile


Kinyala
2 Juni 1993

Baba Tusekile,

Salamu nyingi, afya tunayo. Sikiliza!

Baba mkwe alitangulia, mimi nyuma kwa mbali kama inavyompasa mkwe. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa duka na barua yako mkononi. Medard hatukumwambia kwamba tunakuja, ila nadhani alituona tukipanda kilima.

“Mzee, mashine hii mbichi kabisa, kama mpya!” akasema Medard.

Nikauambia ukuta kwa sauti: “Ee ukuta, iguswe kichwa.”

Baba mkwe akagusa. Ilikuwa imefunikwa blanketi kama mtoto mchanga, nayo ya moto.

“Baridi ya huku, mzee,” akasema Medard. “Nimeihurumia.”

“Ee ukuta, skrubu ya chini.”

“Mzee, ukuta wako umesoma wapi?”

“Umeolewa kwangu,” akajibu baba mkwe. “Lete bisibisi.”

Oili ikatoka nyeupe. Baba mkwe akaitazama. “Chai tumeshakunywa nyumbani. Ndaga, asante.” Watu wakacheka mpaka barabarani. Mimi nililia nyuma ya ukuta, nikijua nimekufungia njia.

Tukirudi, akasimama. Tangu unioe hajawahi kunisemesha. Akawa anatazama migomba, akasema: “Veronika.” Jina langu! “Mwandikie mumeo achague mwenyewe huko huko, aje nayo. Dume namuuza.” Nikapiga magoti hapo hapo kwenye tope.

Mwalimu Prosper anakwenda likizo kwao Mwanza. Ndiye anayekuletea fedha za dume na barua hii.

Mkeo,
Mama Tusekile


Mwanza
27 Juni 1993

Mama Tusekile,

Mimi mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Mwalimu amefika na vyote.

Nilikataa mashine nyingi mpaka wauzaji wakaanza kuniita mganga. Hii niliyonunua niliigusa alfajiri: baridi kama jiwe la Mto Kiwira. Oili nyeusi. Tuliitia ziwani, nikavuta kamba mara mbili ikawaka, ikarusha maji nikalowa shati! Propela ina pengo, nasema mapema, nitalisawazisha kwa tupa.

Nimemuaga msimamizi. Alimtazama anayefuata kwenye mstari wa wanaotafuta kazi.

Wasalimie kuku. Waambie watafute pipa, mzee wao aisikie ikinguruma kabla hatujaipeleka Matema.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta, nitakuwa njiani.

Mumeo,
Baba Tusekile