Nirudishe Kwenye Video

Baba Cheptoo,

Uji uko kwa thermos. Ng'ombe nimekamua lakini maji hajapewa, hiyo ni kazi yako. ~~Nimekuwekea mayai mawili.~~ Mayai nimekula.

Asubuhi nimefungua kompyuta nione ile video ya Cheptoo akirudi nyumbani na digrii, ile umetengeneza na programu ya bure. Nimeangalia mpaka mwisho nikitafuta mahali nampa mtoto mursik ya kumkaribisha. Hakuna! Kibuyu nilisugua na mkaa mimi, maziwa nikalaza siku nne, na kwa video mama mzazi amebaki kiwiko tu. Lakini jirani yetu Wilkista anacheza dakika nzima, polepole, na umemwekea maua pembeni.

Usiniambie eti bado unajifunza. Mbona kwake hukukosea?

Vipande ulivyotoa nimevipata, bado viko hapo ndani. Na kukata nimejua, mtu anabonyeza makasi tu. Nimetengeneza yangu fupi: Wilkista akizunguka, na sauti yako nyuma ya kamera, "Hapo hapo, Wilkista, rudia!" ~~Nimetuma kwa kikundi cha kanisa.~~ Bado sijatuma. Iko kwa simu, na simu nimebeba.

Naenda kuchuma majani chai, halafu niyapeleke kituoni. Omba lori ya kuyabeba ichelewe. Nikirudi nikute nampa mtoto wangu mursik, polepole, na maua pande zote mbili.

Mama Cheptoo, mwenye kiwiko