Stovu Moja, Vyumba Viwili

Alhamisi, 10 Februari 1972

Nimekohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango, kama kila asubuhi. Nikasubiri. Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa, ndipo nikashuka kunawa. Mwezi wa tatu huu mama yake Nekesa anaishi nasi hapa Handsworth, ughaibuni, na sijamwona uso tangu aje. Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Kule kuna uwanja mpana wa kukwepana. Hapa kuna korido ya hatua nne.

Alikuja kumlea mtoto wetu Wafula ili Nekesa arudi kazini, wodini. Sasa wachimba makaa ya mawe wamegoma na umeme unakatwa kwa zamu. Hita yake ya umeme imekuwa pambo.

Jumamosi, 12 Februari

Nimezunguka Soho Road nzima nikitafuta stovu ya pili ya mafuta ya taa. Zimeisha madukani. Tunayo moja. Mchana inakaa kwa mama mkwe, kwa kuwa mtoto yuko huko. Jioni Nekesa akirudi, mtoto anahamia chumbani kwetu kunyonya na kulala, na mama mkwe anaizima stovu na kuisukuma nje ya mlango wake. Stovu imfuate mtoto, ndiyo kauli yake. Leo Nekesa amemrudishia. Imesukumwa nje tena.

Chumba chetu kina joto. Nimeona aibu, na nimelala fofofo.

Jumatatu, 14 Februari

Kiwandani wameturudisha nyumbani. Mashine hazina umeme. Sasa ndiyo balaa: nikiwa ndani, yeye hatoki hata kwenda jikoni kuchemsha chai. Basi natoka mimi. Nimepanda basi hadi mwisho wa njia na kurudi, mara mbili. Kondakta akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, nina mkwe. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Theluji. Vidole vya miguu sivisikii.

Jumanne, 15 Februari

Asubuhi nimesikia kikohozi kutoka chumba cha nyuma. Nikadhani ananipa ishara anataka kupita, kama nimpavyo mimi. Nikabaki ndani kumpisha. Dakika ishirini nimesimama nyuma ya mlango wangu mwenyewe kama mwizi. Kumbe ni kifua.

Nekesa ni nesi, anajua baridi inavyomfanya mtu mzima. Amemvalisha soksi mbilimbili, amempa chupa ya maji ya moto, supu, koti langu. Koti limerudi. Amemsihi jioni akae nao chumbani kwetu penye stovu, mimi nitoke. Amekataa. Chumba chenye kitanda cha mkwe wake hakiingii, hata huyo mkwe awe Nairobi.

Jumatano, 16 Februari

Nekesa hanisemeshi. Anakohoa zaidi, mama yake. Ukutani nasikia kila kitu.

Mwenye nyumba, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, amenikamata ngazini. "Bwana, mama mzee naganda huko juu. Heshima gani hii?" Nikamwambia heshima si yangu peke yangu, ni yake pia. Akatikisa kilemba, akaenda zake. Nimemchukia mchana kutwa kwa sababu amesema kweli.

Alhamisi, 17 Februari

Nimekaa sakafuni nikikitazama kitanda. Kisha nikachukua spana. Mwaka wa nne huu natengeneza bolti, na haikunijia akilini kwamba kitanda changu ni bolti nane tu. Nimekifungua, nimekishusha kipande kipande hadi uani, kwenye theluji. Godoro nimempa Kalasinga aniwekee. Nekesa akamwendea mama yake: kitanda hakipo tena.

Mimi nimeondoka kwenda kulala kwa rafiki, mtaa wa Ladywood. Nikiwa ngazini nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka na nyayo zikivuka korido. Sikugeuka. Nilizihesabu. Hatua nne, na zilichukua muda mrefu sana.

Nimechelewa siku tano. Bolti nane.

Jumamosi, 19 Februari

Nimonia. Nekesa amempeleka hospitali jana asubuhi. Nimemuuliza atapona? Akakunja nepi, akaipanga juu ya nyingine. Sikuuliza tena.

Jumapili, 20 Februari

Nimekwenda na machungwa, nikasimama nje ya wodi. Sista ananihimiza niingie, saa ya kuwaona wagonjwa inakwisha. Mimi nimeganda pale mlangoni. Nikakohoa mara mbili. Nekesa akatoka, akaniambia niingie, mama amejifunika.

Ni kweli. Amevuta shuka hadi juu ya kichwa. Nimeona mkono mmoja tu, mwembamba, umeshika ukingo wa shuka. Nikaweka machungwa kabatini na kugeuka kutoka. Akasema kutoka humo ndani, kwa sauti ya kukwaruza:

"Baba Wafula, kitanda kitashika kutu. Kiingize ndani."

Nikasema ndiyo, mama. Nikatoka. Nimelia kwenye basi, watu wanatazama.

Jumatano, 23 Februari

Amefariki alfajiri. Nekesa alikuwa naye.

Jumamosi, 4 Machi

Umeme haukatiki tena. Tulimzika juzi, mbali na kwao, watu saba tu, na Kalasinga akiwa mmoja wao. Nekesa anazungumza na mtoto.

Nimekiingiza kitanda. Kutu imeshika kwenye maungio. Nimeisugua kwa msasa, haikutoka yote.

Chumba cha nyuma hita inawaka. Nekesa hataki izimwe, na mimi sitamwambia kitu.

Asubuhi nimekohoa mara mbili, nikasubiri mlango ufungwe. Nimesubiri kitambo. Kisha nikashuka kunawa.