Nyumba ya Mwisho Chini ya Mlima Mwekundu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya miguu yote miwili, hata lile goti bovu. Natumaini siku hizi linakuacha ulale. Mimi ni mzima, mashavu yamejaa, na barua hii nampa Dada akuletee mwenyewe.

Mama, kaa kwanza. Mwanao nina bahati mpaka naiogopa. Wewe uliyeniita Redio, ukasema mdomo huu hautanilisha hata siku moja, sasa jua kwamba mdomo umepata ajira. Mgodi umeniajiri! Afisa Mahusiano, Mama. Nina kofia ngumu ya njano, buti zenye chuma kwa mbele, na chumba chenye kiyoyozi kinachonipa mafua katikati ya jangwa. Waliosoma mpaka wakavaa miwani wanatembeza vyeti. Mimi niliyeikimbia shule kupitia dirishani, kazi imenifuata kwa miguu yake.

Nilikuja kumtembelea Dada tu, kama ulivyoniagiza. Mji huu, Mama, ungeuona ungesahau goti. Nyumba za mawe zimepanda mlima kama mbuzi. Mlima wenyewe alfajiri ni wa zambarau, jua likitoka unakuwa mwekundu kama pilipili, na chini yake ni mchanga mpaka macho yachoke. Watu walikuwa wakisafiri kutwa nzima waje waukodolee macho kutoka baraza ya nyumba ya wageni ya Dada. Sasa upande mmoja umeliwa na mgodi. Vumbi linafika mezani kabla ya chakula. Kisima cha mtaa kimekauka, maji yanaletwa na gari. Mashuka ya wageni Dada anayaanika koridoni, na wageni wenyewe hakuna, lakini bado anafua. Eti akitokea mmoja akakuta kitanda kichafu, aibu itakuwa ya nani?

King'ora kikilia, ujue wanalipua baruti. Siku ya kwanza nilijitupa chini ya meza. Dada hata hakunitazama. Alikuwa ananisimulia habari za kinyozi wa jirani aliyehama, akaendelea kusimulia huku anateremsha vikombe kutoka kwenye rafu na kuvilaza kitandani. Nyumba ikatikisika. Akavirudisha, kisha akaniuliza kama huko chini nilikolala nimeona pamefagiwa vizuri.

Mtaa mzima umekwisha kuhama. Nyumba ya Dada ndiyo iliyokuwa imebaki, na yeye akiwa ndani hawaruhusiwi kulipua karibu zaidi. Meneja wa mgodi alimjia mara nyingi. Kila mara alipewa chai na jibu lile lile, kwamba nyumba hii aliijenga na marehemu shemeji kwa mawe ya mlima huu huu, na haondoki. Ndipo meneja aliponikuta dukani nikiwachekesha watu. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniuliza kama mimi ndiye mdogo wake yule mama wa nyumba ya wageni. Kesho yake nina kofia.

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu: Dada akubali kuhama. Nilimtania, nikambembeleza, nikamwimbia. Akaniambia hata redio ina mahali pa kuzimia. Mwishowe, tukiwa tunakunja shuka, yeye ameshika ncha hii na mimi ile, aliniuliza akikataa nitafanywa nini. Nikamwambia watanifukuza. Akalikunja lile shuka mpaka likawa dogo kama leso. Akasema tangu niote ndevu kila mtu ananifukuza kazi, na yeye hatakuwa mmoja wao. Nyumba ni mawe, akasema, lakini mdogo wake anaye mmoja. Asubuhi akaweka sahihi na kukabidhi funguo.

Mpokee vizuri, Mama. Mpe chumba kile chenye dirisha, na akikuambia hajachoka usimsikilize. Wasalimie majirani nyumba kwa nyumba, na yule fundi cherehani aliyesema nitaishia kuuza maneno, mwambie nimeyauza, tena kwa bei nzuri.

Sasa Mama, kama unasoma kwa sauti, hapa nyamaza. Sema barua imeisha. Ikunje, uje uimalizie ukiwa peke yako.

Haya ya juu nimeyaandika Dada akiwa amesimama nyuma yangu, anacheka, ananikumbusha nisisahau kiyoyozi. Sasa ametoka kumuaga mwenye duka. Siku ile ile alipokabidhi funguo nilikwenda ofisini napiga mluzi. Meneja hakunikaribisha kiti. Alinishukuru, akasema kazi yangu imekamilika, akanyoosha mkono apewe kofia. Kisha buti. Nikamuuliza kwa utani kama soksi nazo ni mali ya mgodi. Hakucheka. Yule yule aliyecheka mpaka machozi, Mama, hakucheka. Nilirudi na soksi juu ya changarawe, nikamdanganya Dada kwamba buti zilinibana, nimezirudisha nipewe kubwa.

Kesho anapanda basi akijua ameniokoa. Nimejaribu kumwambia. Mdomo huu unaoujua wewe umegoma kufunguka.

Kazi sina, Mama. Na ile bahati ilikuwa uongo.

Mwanao,
Redio