Wapangaji wa Mzinga wa Baba

Jumatatu, 6 Oktoba
Uji wa Baba, kufagia, chai. Ndege wake, wale kwezi, walianza kelele kabla sijamtoa nje kukaa barazani. Wametaga ndani ya mzinga wa gogo, ule wa mwisho, uliobaki mwarobainini tangu alipopofuka akaacha kurina asali. Anawatambua kwa sauti: huyu dume, huyu jike. Anawaita wapangaji. Kwangu hasemi sana. Kwao anacheka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ndege mgeni uani. Kahawia, kichwa cheusi, mdomo na miguu ya njano, njano tena kuzunguka jicho. Harukiruki kama shomoro. Anatembea kama bwana shamba anayekagua mihogo. Akipaa, mabawa yana mabaka meupe. Nilimtumia dada picha, yuko Dar. Kasema ni maina, asili yake Uhindi, pwani wamejaa. Nisimzoeshe. Dada naye kwa amri!
Baba kauliza ni nani. Mgeni wa pwani, nikamwambia. Akafurahi. Tabora haijamfukuza mgeni wa pwani tangu enzi za misafara, alisema. Nikamwaga ukoko wa wali. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatatu, 13 Oktoba
Sasa ni wawili. Hawaachani. Wanainamisha vichwa wakiimba. Nawapenda, lazima niseme. Ukoko kila siku.

Jumapili, 19 Oktoba
Maina wanaingia mzingani. Kwezi wanalia, wanapigwa, wanarudi. Baba kanishika mkono: kuna nini? Wanagombea makombo, nikasema. Nilirusha kandambili. Maina walirudi kabla sijaiokota.

Jumatano, 22 Oktoba
Makinda wa kwezi chini ya mti, hata manyoya hawajaota. Nyasi za kiota zimetapakaa. Nimewazika nyuma ya jiko kabla Baba hajaamka. Nimejichukia. Dada alisema, na mimi ndiye niliyewalisha.
Kutwa kwezi hawakusikika. Baba hakugusa ugali. Hakuuliza pia.

Jumamosi, 8 Novemba
Manyunyu. Baba amekonda. Maina wamejaza mzinga vitambaa na vipande vya nailoni.
Asubuhi mmoja wao aliiga mlio wa kwezi. Ule ule wa dume. Baba akainua kichwa.
“Wamerudi?”
“Wamerudi, Baba.”
Akacheka. Akaomba uji, akaumaliza.
Nikachukua ukoko, nikawamwagia maina uani. Wasije wakahama.