Pumba Kwenye Uwanja wa Ndege

Balbina, ndege imeingia kwenye majaruba ya mpunga! Sasa hivi, hapa hapa Ifakara!

Karani Fulgensi alimwaga pumba za mpunga uwanja mzima, eti Bwana DC akishuka asikanyage tope. Mvua ikazilowesha. Nilimwambia kwa adabu, "Kaka, magurudumu yatateleza." Akacheka: "Mwalimu, kafundishe watoto."

Rubani akakanyaga breki, ndege ikazidi kuteleza kama sabuni. Kama sabuni, Balbina! Nilifumba macho nikijua wamekufa.

Wametoka wazima, DC tope mpaka masikioni. "Nani kamwaga hizi?" Fulgensi, bila haya, akaninyooshea kidole: "Mwalimu, Bwana."

Mimi! Mimi ninayeona aibu hata kupaza sauti kanisani! Nimepaza sauti nikalitaja jina lake mbele ya umati wote uliokuja kumpokea DC, Balbina, na la ukoo wake.