Mama Mkwe Anataka Kunijazia Esanse ya Kwenda Fataki

Mpendwa Mama Scholastique, naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi ijayo, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Mimi ni mtu wa Butembo, nina duka la vitambaa hapa Bunia, na mke wangu Bénédicte ni wa Djugu, tulioana ingawa pande zote mbili kulikuwa na maneno, na sasa ana mimba kubwa, mimba yetu ya kwanza, tumeingoja mpaka watu wakaanza kutuuliza. Mama yake, Mama Gertrude, alikuwa mkulima wa Fataki, vita vilipofika alitoka kwa miguu mpaka Bunia, mume wake akiwa amezikwa juzi tu, udongo wa kaburi haujakauka, matanga hayajaondolewa, akaacha shamba na mbuzi na mihogo ardhini, na leo anakaa mtaa wa Nyakasanza na kula jasho lake mwenyewe, amekuwa kadhafi, yaani anauza esanse, petroli, katika chupa juu ya meza kando ya barabara, na watu wa pikipiki wanampenda kwa sababu chupa yake imejaa kweli.

Mwaka huu Mungu alinisaidia nikanunua gari, gari ya Kijapani iliyotumika, usukani uko kulia, ina turbo, ilishukia Mombasa ikapita Kampala ndipo ikanifikia, na ndani ya kile kimlango cha kutilia esanse kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani, nikamuuliza aliyeniuzia kinasema nini, akanijibu kinasema usivute sigara, nikacheka nikachukua funguo. Siku nilipoifikisha nyumbani mama mkwe alikuja na chupa zake kichwani, akamimina mwenyewe mbele ya majirani, akasema, "Mukwe wangu, tangu leo hautanunua esanse ya mutu mwingine. Hii gari ni mutoto wangu, nitainyonyesha miye." Watu wakapiga vigelegele. Na wewe unajua desturi, Mama, mbele ya mama mkwe mwanaume habishi, hamkazii macho, anachopewa anapokea kwa mikono miwili. Nikapokea, na tangu siku hiyo natia esanse yake.

Lakini injini ilianza kulia, kwenye tambarare ni nzima, ikianza kupanda mlima inagonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya debe, na nguvu inapungua. Fundi wangu Antoine akaniambia turbo inataka super, esanse ya namba ya juu, si kila esanse. Nami badala ya kuelewa hivyo nikaanza kuwaza mabaya, kwamba labda mama anachanganya na mafuta ya taa kama tunavyosikia wengine wanafanya, nikamgusia mke wangu kidogo tu, akasimama na mimba yake akaniambia, "Unataka kusema mama yangu iko mwizi? Sema basi, nisikie."

Basi nikaona nitafute njia yangu ya siri. Kuna mtu alikuwa anapita dukani na jerikani, anasema ana esanse ya ndege, akaniambia, "Patron, kama inainua ndege mu hewa, itashindwa na mulima?" Nikaona mtu ana akili. Nikawa natia ile ya mama mbele ya macho yake, halafu nikifika kwangu naongeza ile ya ndege, nikiamini nimeponya gari na sijamkosea mtu.

Jumapili iliyopita tulikwenda upande wa Kilo kumwona Clarisse, binti wa mama mdogo wa Bénédicte, aliyejifungua. Mama Scholastique, katika kupanda, gari iligonga mpaka nikausikia mtetemo miguuni, ikatoa moshi, ikafa. Nikawasha, haikuitika. Barabara tupu, mikaratusi pande zote, simu haina mtandao, na unajua wewe mwenyewe barabara zetu, gari iliyosimama si gari tena, ni mwaliko. Bénédicte alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Halafu wakatokea wanaume katikati ya miti, wengi, na kitu kirefu begani. Niliona mwisho wangu. Nilifunga milango, nikamwambia mke wangu ainame, hawezi kuinama kwa ile mimba, akanitazama tu. Walikuwa wapasuaji wa mbao, Mama, wamebeba msumeno na mbao zao, wakatusalimia, wakatusukuma mpaka kwenye mteremko, gari ikawaka, Mungu awabariki. Nilipoanza kucheka, Bénédicte akaniuliza, "Ulitia nini mu hii gari?" Nikamwambia yote. Akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Weye unaogopa mama yangu kuliko unaogopa hii barabara."

Sasa sikia Jumamosi. Kuna msafara wa magari unakwenda Fataki na askari, na Mama Gertrude amesema lazima twende aondoe matanga ya mume wake, kwa sababu tangu siku ile hajakanyaga kwenye kaburi, na anasema hawezi kumpakata mjukuu huku mumewe bado anangoja. Kwenye gari yangu atakaa yeye na Bénédicte, aliyekataa kata kata kubaki. Shemeji yangu Aaron, mwana wa mama mkwe, na wadogo zake watafuata kwa pikipiki. Tumeambiwa wazi kwamba gari itakayoharibika njiani msafara hautaingoja. Na jana mama amekuja dukani, amenisimamia mlangoni, akasema, "Esanse ya kwenda kuaga baba yenu natia miye, yote. Sina mbuzi, sina shamba, njo sadaka yangu." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikasema aksanti Mama.

Nifanye nini? Nikitia esanse yake na gari ikafa kwenye mlima, nimewaua watu wangu. Nikikataa, nimemtemea mate mjane mbele ya watu wote, na nitakuwa yule mtu wa Butembo waliyesema tangu mwanzo hatawaheshimu. Nimefikiri kusema naumwa. Nimefikiri kumwomba Antoine afungue kitu kimoja kwenye injini ili isiwake kabisa asubuhi hiyo. Na esanse ya haki ya gari hii ni ipi hasa? Niokoe.

Mumbere, Bunia

Mwanangu Mumbere, pole kwa ule mlima, na mke wako mpe pole mara mbili. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa na huruma, ya pili hasira ikapanda. Nitakujibu kwa zote mbili.

Tuanze na gari, maana ndiyo rahisi. Chukua simu yako, fungua ile programu ya kutafsiri, ielekeze kwenye kibandiko. Ulibeba simu mfukoni miezi yote hiyo ukamwamini muuza gari! Sijakiona kibandiko chako, lakini kwa gari ya turbo kutoka Japani sidhani kama kinazungumzia sigara, nadhani kinakuamuru utie super. Kikisema hivyo, usitie chini ya oktani 95, na ukipata zaidi, sawa. Nenda kwenye stasyon ya esanse, muulize mwenye nayo anauza namba ngapi. Asiyejua namba ya kitu anachouza, mpite. Usidanganywe na rangi wala harufu, namba haionekani kwa macho. Na ninyi wengine mnaosoma, kama kibandiko chenu kinasema ya kawaida, tieni ya kawaida mlale usingizi, super haitaigeuza gari yenu kuwa simba.

Maana hiyo namba si nguvu, Mumbere, ni uvumilivu. Ndani ya injini esanse inabanwa, inatakiwa ingoje cheche ya buji, yaani plagi, ndipo iwake, na turbo inaibana zaidi. Ile yenye namba ndogo ikibanwa kiasi hicho inashindwa kungoja, inawaka yenyewe kabla ya wakati, na huko ndiko kugonga unakokusikia. Ni kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Pikipiki nyingi za hapa hazibani sana, ndiyo maana esanse ya mama mkwe wako inazifaa na hakuna dereva aliyelalamika. Umesema mwenyewe wanampenda. Sasa ulipata wapi kwamba anachanganya? Mama wa watu anauza esanse safi ya pikipiki, gari yako ndiyo inayotaka nyingine, na wewe ukaona ni afadhali kumfanya mwizi kichwani mwako kuliko kumfungulia mdomo.

Na ile "esanse ya ndege"! Ndege kubwa hazitumii esanse, mwanangu, mafuta yake ni ndugu wa tumbo moja na mafuta ya taa. Ndege ndogo zina yake, na ile nayo si ya gari yako. Basi wewe uliyemshuku mjane kwamba anachanganya mafuta ya taa, inaelekea umeyachanganya kwa mkono wako mwenyewe, ukampandisha mke mwenye mimba, ukaenda naye mlimani. Hapo ndipo hasira ilinipanda.

Leo hii, si kesho, mpelekee Antoine gari. Amwage kila kilicho ndani ya tangi, asafishe, abadilishe buji na oili, halafu aipime injini kama kule kugonga hakukuiumiza. Tieni 95, pandeni mlima wa karibu na mji, wewe na Antoine tu, mchana. Ikigonga tena, au Antoine akisita hata kidogo, Jumamosi mama anapanda gari ya mtu mwingine, na wewe unapanda naye. Ikiwa nzima, mlimani shusha gia mapema na usikanyage kama unakimbiza mwizi. Kuhusu Bénédicte, mwende wote wawili kwa daktari kabla ya Ijumaa, na neno la daktari liwe ndilo la mwisho, lisiwe lako wala lake.

Ile habari ya kulemaza injini kwa makusudi sitaki kuisikia tena. Ukifanya hivyo mama atabaki na matanga yake na wewe utabaki na uongo, na msafara mwingine sijui utakuja lini.

Sasa desturi. Unasema mkwe habishi, na mimi ni mzaliwa wa hapa, sitakuambia uitupe. Lakini desturi hiyo hiyo uliyojificha nyuma yake imekuachia mlango. Siku ya mahari hukusema mwenyewe, kuna mtu alikusemea. Mtafute, nendeni naye kwa Mama Gertrude asubuhi, kabla hajapanga chupa na majirani hawajaja. Huyo msemaji wako akae katikati na kuomba ruhusa, wewe tazama chini kama inavyotakiwa, ila maneno yatoke kinywani mwako. Usianze na esanse yake. Anza na jerikani lako. Mwambie uliitia gari kitu kibaya kwa siri, kwamba binti yake alikaa barabarani kwa sababu hiyo, na kwamba uliogopa. Halafu mwambie gari hii haiwezi na esanse ya chupa, si kwa ubaya wake, imeumbwa hivyo.

Atalia? Pengine. Atakutukana? Mpe nafasi, unastahili kidogo. Lakini huyu ni mwanamke aliyemzika mume wake na kutembea kwa miguu kutoka Fataki mpaka Bunia, akaanza upya na meza na chupa. Na wewe unadhani atavunjika kwa neno moja kuhusu esanse? Hujamheshimu, Mumbere, umemdharau.

Sadaka yake isikatwe. Umeniandikia mwenyewe kwamba Aaron na wadogo zake wanakwenda kwa pikipiki, na ukapita hapo bila kuona. Mwombe awajazie wanawe. Esanse ya mezani kwake ndiyo itakayowafikisha watoto kwenye kaburi la baba yao, na njiani yeye mwenyewe ataziona zile pikipiki zikipanda mlima mbele yenu.

Ukishasema hayo, nyamaza, mngoje ajibu. Na kama mpaka Ijumaa jioni hujamwambia, Jumamosi usiziguse funguo. Mpe Bénédicte, aende nazo kwa mama yake akaseme yeye.