Weusi Uliomwangukia Bibi Atuganile kwenye Picha za Msiba

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Anord Kalinga. Umri: miaka 54. Kabila: Mhehe. Kazi: fundi wa kusafisha picha. Makazi: Soweto, Mbeya.

Kuanzia Iringa mpaka Tunduma, fundi wa filamu za rangi nimebaki mimi peke yangu. Mawaziri wamepita mikononi mwangu. Shule niliishia la tano, lakini dawa za filamu zinanijua.

Mnamo tarehe 14/07/2025 Tusajigwe, kijana wa jirani aliyefiwa na baba yake, aliniletea filamu ya mazishi. Walipigia kamera ya zamani ya marehemu mwenyewe.

Leo saa nne asubuhi nilipeleka picha msibani. Katika ile ya kaburini, Bibi Atuganile, shangazi wa marehemu, alitoka mweusi tii, uso hauonekani. Tusajigwe akapiga kelele, "Kamera ya baba imemwona aliyemuua!" Mwingine akasema, "Petroli iko wapi?"

Bibi alinishika shati. "Baba, si wewe umezitengeneza? Waambie basi."

Sikuwaambia. Mimi niliyemfukuza chui kule Mgololo kwa kandambili, nilitafuta pa kutokea. Nilimvuta Bibi tukatokea mlango wa jikoni mpaka hapa kituoni. Yuko kwenye benchi hapo nje. Hao wa msibani wako getini, nawasikia.

Afande, ule si uchawi. Filamu hukaa wima ndani ya kopo, dawa iifunike yote. Dawa ikiwa pungufu, ukingo wake mmoja, ule uliobaki juu, hauivi sawasawa, na ukichapa picha, pale panatoka peusi. Tazama hizi zote: mchungaji kaliwa upande ule ule, jeneza nalo, hata mbuzi wa jirani. Bibi alisimama upande huo tu.

Dawa ilipungua kwa sababu niliimwaga. Panya alinipita mguuni. Niliruka juu ya kiti nikapiga yowe, kopo likapinduka. Sikuwa na dawa nyingine, nikaendelea na nusu iliyobaki, nikiwa huko huko juu ya kiti, mpaka mke wangu Lusia alipokuja kumfukuza panya.

Haya nimeyasema mwenyewe, nimesomewa, ni kweli tupu.

Sahihi: A. Kalinga

Maelezo nimeyaandika mimi, Koplo Faustina, tarehe 16/07/2025. Shahidi amekubali kuyarudia getini mbele ya wafiwa. Aliomba panya aandikwe nyoka. Nimekataa.